Mstari wa Nje

Kuna watu wanaozuiwa nyumbani kwa kufuli, na kuna wanaozuiwa kwa maneno matamu. Mkasi alizuiwa kwa treni ya kuchezea. Nasema ya kuchezea, lakini mzee Stesheni angenisikia ningekoma. Kwake ilikuwa treni kamili, ila ndogo.

Hilo la Mkasi si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, kwenye karakana ya sare za shule, alikokuwa mkata vitambaa. Wenzake walitandika kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, yeye akaweka karatasi zake za kaki juu, akachora kwa chaki, akakata, na kaptula za darasa zima zikatoka pacha. Hakuna aliyewahi kumwona akikosea. Umri ulikuwa umevuka arobaini, hakuolewa, na hilo la kutoolewa lilijadiliwa zaidi na majirani kuliko yeye mwenyewe.

Baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa muda mrefu mpaka cheo kikamla jina. Mtaa mzima ulimwita Stesheni. Alipostaafu alikuwa bado na sauti ya kusimamisha behewa, lakini kisukari hakiogopi sauti. Kilimchukua mguu mmoja, kikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, na mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Akabaki Mkasi. Asubuhi alimwogesha mzee, akampa dawa, akamweka dirishani. Mchana alikimbia kurudi kumpa chakula, akameza chake akiwa amesimama, akakimbia tena kazini. Jioni alikuwa na mlango wa nyumbani tu. Akichelewa kwa mvua alimkuta mzee anautazama ule mlango kwa macho yasiyolaumu neno, na afadhali yangelaumu.

Ndipo Pindo alipompigia simu. Pindo alikuwa shoga yake tangu siku walizokuwa wakifagia vipande vya nguo sakafuni, na sasa alikuwa amefungua karakana yake mwenyewe katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Meza ya kukatia ni yako," Pindo alisema. "Utakuwa mkuu, uwe na wasichana wako wa kufundisha. Njoo, mwenzangu, upumue."

Neno hilo la kupumua lilimkaa Mkasi kifuani wiki nzima. Akazungumza na mdogo wake wa kiume, muuza vipuri vya pikipiki aliyekuwa amepanga vyumba viwili ng'ambo ya soko. Mdogo wake hakusita. Yeye na mkewe wangehamia kwa mzee hata kesho. Wifi mtu alishaanza kusema pazia zipi atabadilisha. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa radhi ya mzee, na Mkasi hakuwa mtu wa kuondoka bila radhi.

Mzee hakukataa. Laiti angekataa! Mtu akikukatalia unajua pa kugombana naye.

"Nenda, mama," alisema. Alimwita mama kila alipotaka kitu. "Nani kakuzuia? Ila nimalizie reli yangu kwanza. Siku treni ikizunguka mara moja bila kusimama, siku hiyo hiyo ufunge mizigo. Ahadi ni deni."

Treni yenyewe aliinunua mdogo mtu mnadani, mzee alipotoka hospitali, apate cha kumwondolea mawazo. Lilikuwa sanduku lenye kichwa cha treni cha kijani, mabehewa manne, rundo la vipande vya reli na transfoma ya kuunganisha na umeme. Siku ya kwanza waliviunga sakafuni vikawa duara, treni ikazunguka, wakapiga makofi. Mzee hakupiga. "Duara?" alisema. "Treni gani hiyo inayokwenda ilikotoka?" Alitaka reli yenye mpango, reli ya kuchorwa kwanza. Mkasi akawaza: kuchora tu? Kazi ya mwezi mmoja hiyo. Akakubali akiwa na furaha, masikini.

Kila jioni alitandaza karatasi ya kaki sakafuni, akapiga magoti na penseli, mzee akatoa amri kutoka kitini. Stesheni kuu hapa, mama. Hapana, isogeze, abiria watashukia wapi, ukutani? Hiyo kona kali mno, behewa la nyuma litaanguka. Ilegeze. Mkasi alijua kona. Mtu aliyekata mashimo ya mikono ya mashati maisha yake yote hatishwi na kona. Akachukua sinia la chai akaligeuza, akazungusha penseli, na mzee akakiri kwamba hiyo ni kona ya haki.

Kisha mzee akataka njia ya kupishania, treni mbili zikikutana moja ingoje pembeni.

"Lakini tunayo moja, Baba."

"Leo," mzee akasema.

Basi ikachorwa. Ikaja banda la kulaza injini. Likaja handaki, likafutwa kwa sababu mzee alikumbuka kwamba hapendi mahandaki, likarudishwa kwa sababu aliota usiku. Kila mchoro ulipokaribia kukamilika, mzee alishika kidevu, akanyamaza, na Mkasi akaujua ukimya ule kama mtu anavyojua bomba la kwao litakavyokoroma kabla ya kukauka. "Ila kuna kitu kimoja tumesahau," mzee angesema. Kifutio kiliisha kikawa kama punje ya mahindi. Pindo akapiga simu, akaambiwa bado kidogo. Akapiga tena, bado kidogo.

Tusimsingizie mzee peke yake, lakini. Jioni zile zilikuwa nzuri. Tangu mguu ukatwe hawakuwa wameongea zaidi ya dawa na uji, na sasa walibishana, wakataniana, mzee akasimulia treni ya mizigo iliyoingia stesheni kwake na mbuzi juu ya paa. Mkasi alicheka mpaka penseli ikamtoka mkononi. Akilala, kicheko kilimgeukia kikawa hofu, maana aliona wazi kwamba anaweza kuzeeka hapo sakafuni, kwa magoti, akiwa mtu mwenye furaha kiasi.

Mpango wa mwisho ulikuwa hivi: mbao nane zizunguke chumba chote cha mbele kufuata kuta, juu ya miguu ya meza, na mzee akae katikati, kwenye uwazi. Mkuu wa stesheni hakai pembeni. Sasa ataingiaje na kiti chake? Ubao mmoja, ule wa mbele ya mlango, ungekuwa wa kunyanyuliwa. Mtu asimame kwa nje, aushike kwa mikono miwili, auondoe, mzee apite, aurudishe.

Mkasi aliutazama ubao ule kwenye karatasi muda mrefu.

"Na mimi nikiondoka, nani atakufungulia?"

"Tutaona," mzee akasema.

"Wifi hana mgongo wa kubeba ubao. Tuweke bawaba, Baba. Ufungue mwenyewe kwa ndani, kama mlango wa kaunta dukani."

"Reli haipendi bawaba. Leo inapanda, kesho inashuka, keshokutwa treni inaruka." Mzee akageuza kiti akatazama dirishani, na mazungumzo yakaishia hapo. Mkasi hakuwa mjinga. Alielewa kwamba ubao ule ulikuwa umechorwa kwa kipimo cha mikono yake, na akauacha, kwa sababu kumbishia mzee aliyekatwa mguu ni kama kumpiga.

Akahamisha mchoro kwenye karatasi nane, kila ubao karatasi yake. Na hapa ndipo mkono ulipomsaliti. Mkata vitambaa huchora mistari miwili. Wa ndani ni wa kushonea, wa nje ni wa kukatia, na ile nafasi katikati huingia ndani ya mshono isionekane tena. Mkono wa Mkasi ulikuwa umechora hivyo maelfu ya mara, ukachora hivyo na kwenye mbao. Mistari miwili, kuzunguka kila ubao, safi kabisa. Yeye hakuona. Unaona kitu ulichokizoea?

Siku ya mapumziko ya Mkasi, mzee alikagua karatasi zile mchana kutwa, miwani puani, kidole kikitembea juu ya kila mstari. "Safi," akasema mwisho. "Peleka kwa seremala."

Mbao zilipokuja, Mkasi alizipigilia reli moja moja barazani, akafuata mstari wa ndani, kama kawaida, kwani mstari wa ndani ndipo vitu vinapokutana. Kisha wakaziingiza ndani, mdogo wake akishika upande ule, yeye huu, wakazipanga kufuata kuta.

Mlango ukafunguka nusu, ukagonga ubao, ukakataa. Mdogo wake alikuwa nje anavuta sigara, akalazimika kuingia kwa ubavu. Lakini mlango haukuwa kitu. Reli zenyewe hazikukutana. Kila mahali ubao ulipogusana na ubao, reli za huku zilikomea kabla, za kule zilikomea kabla, na katikati palikuwa na mbao tupu, upana wa vidole vitatu. Mahali panane.

Mkasi alisimama akatazama. Kisha akaelewa, akacheka. Ameacha nafasi ya mshono! Kwenye plaiwudi! Alicheka akajishika kiuno, halafu kicheko kikabadilika katikati, akakaa sakafuni akalia.

"Haraka haraka haina baraka, mama," mzee akasema. "Tutazing'oa zote. Tutaanza upya, taratibu." Na sauti yake, Mungu amsamehe, ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Kesho yake Mkasi akampigia Pindo kuomba muda.

"Mwenzangu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mashine zimefika, oda ziko mlangoni. Meza ya kukatia nimempa mtu tangu wiki iliyopita, nikaona haya kukuambia." Akavuta pumzi. "Imebaki nafasi ya mshonaji tu. Ya kukaa mashineni na kupiga mapindo, kama tulivyoanza. Siwezi kukudharau kwa kukupa hiyo."

"Asante," Mkasi akasema, maana hakujua mtu husema nini.

Akaenda kwa seremala. Alikwenda kuuliza kama mbao mpya zitapatikana, na njiani hasira ikamgeukia seremala. Si mtu mzima yule? Hakuona kwamba mbao haziingii ndani ya mshono? Akamkuta anapiga randa, akamwaga yote.

"Dada, usinitazame hivyo," seremala akasema. "Mimi nilipiga simu kwenu. Ulikuwa kazini, mzee akapokea. Nikamwambia, mzee wangu, hapa naona mistari miwili, nikate upi?"

"Akasemaje?"

"Akacheka! Akaniambia, binti yangu ameacha nafasi ya kushonea mbao. Na mimi nikacheka. Kisha akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, fuata wa nje."

"Una hakika?"

"Nilimuuliza mara mbili. Wa nje, akasema, mimi ndiye mwenye reli." Seremala akaweka randa chini. "Lakini mbona jambo dogo? Sio za kutupa. Niletee, nipitishe msumeno kwenye mstari wa ndani na reli zikiwa hapo hapo juu. Asubuhi moja tu, kwisha. Mzee hakukuambia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Mkasi aliyeishi kwa nguo alitembea kurudi nyumbani akiwa hasikii magari.

Mzee alikuwa katikati ya mbao, alipomwacha asubuhi na kurudisha ule ubao mbele yake. Alikuwa anafuta kichwa cha treni kwa kitambaa.

"Baba, ulimwambia seremala afuate mstari wa nje?"

Kitambaa kikasimama. Mzee angeweza kudanganya. Kwa haki yake niseme hakujaribu.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Nilikuahidi ikizunguka mara moja, unaondoka."

Mkasi hakupiga kelele. Alimtazama baba yake, mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akamchukia waziwazi, mzima mzima. Akageuka akatoka barazani. Ubao hakuunyanyua.

Akakaa kwenye kigoda. Jirani akapita, akamsalimu, akasema kama walivyosema wote, "Mzee wako ana bahati na wewe, radhi utaipata." Mkasi akaitikia. Ndani, mzee akaita. "Mama." Hakujibu. "Mama, nataka kutoka." Akasikia magurudumu yakisogea mbele, yakigonga ubao, yakirudi nyuma. "Mwanangu?" Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa na baba yake akakaa kimya. Akaikalia mikono yake. Magurudumu yakagonga upande mwingine, ambako hakukuwa na njia kabisa, na mzee alijua hakuna.

Ndipo akainuka, akaingia kwa ubavu, akanyanyua ubao.

Mzee hakutoka. Uso ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Hivi ndivyo nilivyoogopa," akasema. "Hivi hivi. Niko hapa, naita, haji mtu."

"Na mimi je, Baba? Mimi nimekaa humo miaka mingapi?"

Mzee akainamisha kichwa, akasogeza kiti, akapita polepole pale ubao ulipokuwa.

Siku iliyofuata Mkasi hakuuliza mtu. Mbao zikaenda kwa seremala, zikarudi kabla ya jua la mchana, zimekatwa kwenye mstari wa ndani. Zikakaa ukutani, mlango ukapumua, reli zikabusiana mahali pote panane. Akanunua bawaba mbili za shaba na komeo dogo. Alipoanza kuzifunga kwenye ubao wa mlangoni, mzee alimtazama muda mrefu, kisha akanyoosha kiganja. Kilikuwa na skrubu alizookota sakafuni. Akampa moja moja mpaka zikaisha.

Mzee alijifunza kuufungua kwa ndani: komeo, sukuma juu, pita, shusha. Mara ya kwanza ubao ulimponyoka ukamwangukia gotini. Mara ya pili aliuweza. Mkasi akampigia Pindo, akaiomba ile nafasi ya mashineni. Wifi na mumewe wakahamia na pazia zao. Wifi aliona treni akasema, "Baba, mimi kazi yangu ni kupuliza king'ora tu, mengine msinitume," na mzee akacheka bila kutaka.

Ikaja siku ya kuiwasha. Ilipita stesheni, ikapita banda, ikazama handakini ikatoka, ikavuka bawaba kwa mtikisiko mdogo, ikarudi. Haikusimama. Wakapiga makofi wote. Mkasi akapiga pia, huku akimtazama mzee, na mzee alikuwa hatazami treni.

Jioni, Mkasi akifunga mizigo, mzee akaja mlangoni mwa chumba chake.

"Mdogo wako ameniambia meza alipewa mwingine," akasema. "Kwamba unakwenda kukaa mashineni. Mtu wa mkasi kama wewe, upige mapindo na watoto wadogo? Watakucheka. Afadhali ukae, mama, utafute lingine la hadhi yako. Sisemi kwa ajili yangu."

Na ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Watamcheka. Mkasi alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Ilikuwa sababu nzuri, yenye heshima, ambayo mtaa mzima ungeikubali, na aliona jinsi ambavyo angeweza kuivaa ikamkaa vizuri.

"Nitapiga mapindo, Baba," akasema.

Asubuhi alimbusu mkono. Mzee akampa radhi kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, kisha akajiingiza mwenyewe katikati ya mbao na kuwasha treni yake ili asimwone akitoka. Mkasi akabeba begi. Alikuwa ameshafika kizingitini ilipokatika ile sauti ya magurudumu madogo. Hakuhitaji kugeuka. Alijua ni pale kwenye kiungo cha stesheni, reli imeinuka, ni ya kugonga mara moja kwa kisigino cha nyundo.

"Wifi!" wifi akaita kutoka ndani. "Imesimama! Njoo uione mara moja tu!"

Mkasi akasimama. Nyundo ilikuwa palepale rafuni. Angegonga, kisha angengoja aone kama inapita, na ikipita angengoja ipite tena.

"Mwache," mzee akasema.

"Lakini Baba, yeye ndiye anayejua..."

"Nimesema mwache. Mwache aende."

Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kusimamisha behewa, isipokuwa mwishoni ilipasuka. Mkasi akatoka. Alilia njia nzima mpaka stendi ya mabasi, waziwazi, kamasi na machozi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, watu wakampisha wakidhani amefiwa. Hakurudi.